Tembo wa Rangi ya Waridi Kwenye Rafu

Mnywaji wa Afrika Mashariki akiingia kwenye duka la bia mjini Brussels, sura ya kwanza atakayoitambua ni ya tembo. Nyumbani tembo yuko kwenye chupa ya Tusker, na kisa chake wengi wanakijua: George Hurst, mmoja wa ndugu walioanzisha kiwanda cha bia jijini Nairobi mwaka 1922, aliuawa na tembo mwaka uliofuata akiwa mawindoni, na bia ikabaki na jina la mnyama aliyemuua. Huyu wa Brussels lakini ni wa rangi ya waridi. Amekaa kwenye chupa iliyopakwa kijivu chenye madoadoa kama chungu cha mfinyanzi, na jina lake ni Delirium Tremens, yaani ule ugonjwa wa kutetemeka na kuweweseka unaomshika mlevi sugu akiikosa pombe ghafla. Ni afisa gani wa leseni, Dodoma au Nairobi, angelipitisha jina kama hilo?

Baada ya tembo, macho hupotea. Rafu zinapanda hadi darini, na chupa hazifanani: nyingine ngumu na nene zenye kizibo cha gome kilichofungwa kwa waya, nyingine fupi zenye matumbo, nyingine zimevishwa karatasi. Jirani yake kuna baa, Delirium Café, iliyoingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2004 kwa kuwa na bia za aina 2,004 kwa wakati mmoja. Kwa mtu aliyezoea mhudumu anayeuliza swali moja tu, "Ya baridi au ya moto?", hapo pana kazi.

Na swali la mhudumu wetu lina mantiki yake. Safari, Kilimanjaro, Serengeti, Tusker, Castle: wanywaji wanaweza kukesha wakibishana ipi ni tamu, ila zote ni ukoo mmoja, laga, bia inayochachushwa kwenye ubaridi, ikatulia na kutoka angavu. Hata Ubelgiji bia inayonywewa zaidi ni laga ya aina hiyohiyo. Duka lenye rafu ndefu linaishi kwa zile nyingine, ambazo hazikuondolewa na laga ilipoenea Ulaya katika karne ya 19.

Zilisalimika vipi? Sehemu ya jibu iko kwenye sheria. Mwaka 1919 waziri wa sheria wa Ubelgiji, msoshalisti Émile Vandervelde, alisimamia sheria iliyopiga marufuku pombe kali kwenye baa. Dukani iliruhusiwa, lakini mnunuzi alitakiwa achukue si chini ya lita mbili kwa mpigo, na hela ya kibarua haikufika huko. Lengo lilikuwa kumwokoa mfanyakazi na jenever, pombe yao kali ya nafaka. Watengeneza bia waliiona nafasi wakaitumia: kama koo linataka kitu kizito, basi bia yenyewe ipewe uzito. Sheria ile ilidumu zaidi ya miaka 60, na bia za asilimia nane, tisa na kumi zikapata wateja wa kudumu.

Ndiyo maana chupa ndogo ya hapo haifai kuangaliwa kwa udogo wake. Rochefort 10, bia nyeusi ya watawa, ina kilevi cha asilimia 11.3. Chupa yake moja ya sentilita 33 inabeba kilevi kinachokaribia cha chupa mbili kubwa za Tusker ya asilimia 4.2. Muuzaji mzuri humwambia mgeni jambo hilo kabla hajajaza kikapu.

Watawa wana rafu yao. Jina la Trappist haliandikwi kwenye chupa kwa kupenda: bia lazima itengenezwe ndani ya eneo la monasteri, chini ya uangalizi wa watawa wenyewe, na faida iende kwenye matunzo ya monasteri na misaada. Ubelgiji zimebaki tano: Westmalle, Westvleteren, Chimay, Rochefort na Orval. Achel iliipoteza nembo mwaka 2021 baada ya watawa wake wa mwisho kuondoka, ingawa mitambo ilikuwa palepale na mapishi yaleyale.

Westvleteren ndiyo iliyowatia watu wazimu. Mwaka 2005 wapenzi wa bia walipoitangaza kwenye mtandao kuwa bora duniani, magari yalijipanga nje ya monasteri. Watawa hawakuongeza mitambo. Kwa miaka mingi mteja alipiga simu, akataja namba ya gari lake, akapangiwa siku na idadi ya kreti, kisha akaifuata mwenyewe. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angewaona watu hawa hawajui biashara, na pengine ndivyo wanavyotaka waonwe.

Chupa inayofaa kuchukuliwa mkononi na kugeuzwageuzwa ni ya Orval. Ina kiuno kama pini ya mchezo wa bowling, na kwenye lebo kuna samaki mwenye pete mdomoni, kwa sababu ya hadithi ya mtawala wa Toscana, Matilda, aliyeidondosha pete kwenye chemchemi na samaki akamrudishia. Mgeni huishia kwenye samaki. Mwenyeji huigeuza chupa atafute tarehe. Orval hutiwa chachu ya pili ya mwituni kabla ya kufungwa, na chachu hiyo huendelea kufanya kazi ndani ya chupa. Ya juzijuzi ina uchungu mkali wa hopi. Ya mwaka mmoja utamu wake umekauka, na ina harufu ya ngozi na zizi la farasi, jambo ambalo mashabiki wake wanalisema kwa sifa. Kwa hiyo wapo wanaonunua kreti, wakanywa nusu na nusu nyingine wakaificha stoo.

Kinachomhusu zaidi mtu wa pwani, hata hivyo, kiko kwenye rafu ya mwisho, kwenye chupa nene kama za shampeni. Hiyo ni jamii ya lambiki. Bia nyingine hutiwa chachu. Lambiki haitiwi chachu yoyote. Uji wa shayiri na ngano ukishachemshwa, humwagwa kwenye sinia kubwa lenye kina kifupi, juu kabisa darini, madirisha wazi, ukapoe usiku kucha. Vijidudu vya hewani hujiingilia vyenyewe. Asubuhi unashushwa kwenye mapipa ya mwaloni na kuachwa humo mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Ya miaka tofauti ikichanganywa na kutiwa kwenye chupa huitwa geuze, na msomaji asidhani ni Kiswahili, japo ingefaa.

Kiwanda cha Cantillon kilichoanza mwaka 1900 mtaa wa Anderlecht, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka stesheni ya Midi, bado kinafanya hivyohivyo na kinapokea wageni. Utando wa buibui hauondolewi, maana buibui hula inzi wanaofuata matunda na pipa. Kazi inafanyika miezi ya baridi tu, kwa kuwa usiku wenye joto huleta vijidudu vibaya. Novemba 2015 joto lilizidi hata wakalazimika kusimamisha kazi.

Mgema wa Mombasa au Bagamoyo hahitaji kuelezwa habari hii mara mbili. Naye haweki chachu. Hukata kole, hufunga kibuyu au chupa, na maji ya mnazi huchachuka yenyewe kabla hata hajashuka. Asubuhi ni tamu, jioni ni kali, na ikilala inakuwa siki. Mbege ya Kilimanjaro, ya ndizi na kimea cha ulezi, inapewa uchungu kwa gome la msesewa kama Mbelgiji anavyotumia hopi. Ulanzi wa Iringa unatoka kwenye mianzi michanga wakati wa mvua. Ukihesabu na busaa, muratina, komoni, wanzuki na urwagwa, Afrika Mashariki ingejaza rafu zake bila kuazima chupa. Tatizo ni hiyo rafu. Vinywaji hivi vina saa, havina miezi, na ndiyo maana vikawa na kilabu badala ya duka: mnywaji anakifuata kinywaji kilipo, siku iliyoiva. Geuze nayo ina uchachu na ni ya mwituni, ila pipa na miaka mitatu vimemaliza ugomvi wake, na chupa nene ikazuia hewa. Inaweza kukaa miaka 20.

Wabelgiji walipojenga viwanda Kongo, Rwanda na Burundi, hawakupeleka ujuzi huo. Walipeleka laga. Brarudi ya Bujumbura ilianzishwa mwaka 1955 na Bralirwa ya Rwanda mwaka 1957, na Primus ikawa bia ya nchi zote tatu. Urwagwa, bia ya ndizi ya huko, ukabaki kwenye mitungi.

Kununua kwenyewe si kugumu. Chupa ya kahawia ni salama kuliko ya kijani au nyeupe, kwani mwanga huipa bia harufu ya kicheche. Ya kijani iliyokaa dirishani iachwe hapo. Bia yenye chachu ndani isafirishwe na kuhifadhiwa wima, na wakati wa kumimina kidole kimoja cha mwisho kibakie na mashapo yake. Chupa tupu ya kawaida hurudishwa, na mteja akarudishiwa amana yake. Glasi ni gharama nyingine, maana karibu kila bia ina ya kwake, na Mbelgiji hukunja uso akiona Orval kwenye glasi ya Duvel. Kwenye baa moja ya Ghent, Dulle Griet, glasi kubwa ya kipekee ilikuwa ikiibwa sana, basi mteja huvua kiatu kimoja, kikawekwa kwenye kapu na kuvutwa hadi darini mpaka airudishe.

Karibu na kaunta, mgeni akiangalia vizuri, ataiona chupa iitwayo Mongozo: bia ya ndizi, kazi ya kiwanda cha Huyghe, walewale wa tembo wa waridi. Mchagga akiishika ataisoma lebo yote, mbele na nyuma, halafu atamuuliza muuzaji ulezi uko wapi.