TAARIFA YA AFYA: SABABU ZA ASIDI KUZIDI KATIKA DAMU YA MTOTO MCHANGA ANAYEHARISHA

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaelezwa kwamba mtoto mchanga anayeharisha aweza kuanza kupumua kwa haraka na kwa kina, wazee wake wakadhani amepatwa na homa ya mapafu, ilhali kifua chake hakina ila yoyote. Mwili wake unajaribu kutoa kwa pumzi asidi iliyozidi katika damu. Hali hiyo waganga huiita asidosisi ya kimetaboliki.

Sababu iliyo kubwa ni kupotea kwa bikabonati, chumvi inayozuia asidi ya damu isipindukie kiasi. Utumbo una majimaji yenye chumvi hiyo kwa wingi, nayo hutoka pamoja na choo cha kuharisha. Ndipo ilipo tofauti baina ya kutapika na kuharisha: anayetapika hupoteza asidi ya tumbo, anayeharisha hupoteza kinga yake dhidi ya asidi.

Kisha maji hupungua mwilini. Damu isipofika vya kutosha kwenye viungo, viungo hukosa oksijeni na kuzalisha asidi ya lakteti. Figo nazo, ambazo huitoa asidi kwa njia ya mkojo, hupata damu haba, na za mtoto mchanga hata akiwa mzima hazijakomaa. Akinyimwa chakula, mwili huyeyusha mafuta yake na kuongeza asidi nyengine. Inasikitisha kwamba wapo wazee ambao bado humwachisha mtoto ziwa ati tumbo lipumzike, au husema ni meno tu. Aspirini nayo asipewe, kwani huongeza asidi hiyo hiyo.

Pakiti ya ORS ya fomula ya Shirika la Afya Ulimwenguni ya mwaka 2002, inayochanganywa na lita 1 ya maji safi na salama, ina gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu, ambayo mwilini hugeuka kuwa bikabonati. Hapo awali iliwekwa bikabonati yenyewe, lakini pakiti hizo ziliharibika upesi katika nchi za joto na unyevunyevu. Maji ya chumvi na sukari ya nyumbani hayana sitreti. Hata hivyo husaidia, kwa kuwa maji yakirudi mwilini figo hurejea kazini. Madafu yana potasiamu nyingi na sodiamu chache, kwa hiyo hayawezi kushika nafasi ya pakiti.

Mtoto anayepumua namna iliyoelezwa, au mwenye utosi uliobonyea, macho yaliyodidimia, asiyekojoa, mlegevu au aliyeshindwa kunyonya, apelekwe kituo cha afya usiku huo huo bila ya kungojea asubuhi. Njiani, maadamu anameza, aendelee kunyonyeshwa na kupewa ORS kijiko kwa kijiko.