Mazembe ikianguka, washabiki walaumu nani?

Siku Mazembe inapopoteza, huku Kolwezi pia, mbali na Lubumbashi, watu wanauliza jambo moja: komite inafanya nini?

Hasira hiyo ina mizizi. TP Mazembe ilibeba kombe la mabingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 ilifika hata fainali ya dunia ya vilabu, ikapigwa 3-0 na Inter ya Italia. Mwenye kuona hayo hawezi kuridhika na kidogo.

Kisha nyota wakaanza kuondoka. Mbwana Samatta alienda Genk, Ubelgiji, mwanzoni mwa 2016. Timu ilibeba tena Kombe la Shirikisho 2016 na 2017, halafu makombe ya Afrika yakakauka. Msimu wa 2024-2025 ilimaliza ya mwisho katika kundi lake, nyuma ya Al Hilal, MC Alger na Yanga.

Sasa, sababu gani shabiki hawezi kubadilisha komite? Ni juu ya franga. Zamani makampuni ya migodi na ya reli yalisaidia timu za Katanga. Leo timu kubwa inasimama juu ya mfuko wa mutu mumoja. Mazembe inaongozwa na Moïse Katumbi tangu 1997. Tiketi za uwanja hazitoshi kulipa mishahara na safari, na mwenye kulipa ndiye anaamua.

Kulalamika ni haki yetu. Lakini tuulize pia: siku mfuko huo ukifungwa, nani atabeba timu?