Jina Lililo Kwenye Leseni

Nauza vyombo vya plastiki na chupa za chai sokoni Tandika, Temeke. Mzigo naufuata Kariakoo. Chupa ninayoinunua kwa jumla shilingi 12,000 naiuza 14,500, na humo ndimo inamotoka nauli ya mzigo, ushuru wa soko na mahitaji ya watoto. Sasa aliyeniuzia jumla, mgeni mwenye kontena lake kutoka China, akianza kuuza moja moja kwa 12,500, wateja wangu watapanda daladala wamfuate yeye. Nami siwalaumu.

Hayo ndiyo yaliyowafanya wafanyabiashara wa Kariakoo wapige kelele, hadi tarehe 28 Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, akatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15. Zimo jumla na rejareja (supamaketi zimeachwa), uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, udalali wa nyumba na kununua mazao shambani. Mgeni anayekiuka hutozwa faini isiyopungua milioni 10 au hufungwa hadi miezi 6, na kibali hufutwa. Raia anayemsaidia, milioni 5 au hadi miezi 3 gerezani.

Huyo raia ndiye ninayetaka tumzungumzie. Leseni ina jina lake, namba ya mlipakodi ni yake, mkataba wa pango ni wake. Mali si yake, ni ya mgeni. Mwisho wa mwezi anapewa kidogo, basi. Mwenye nyumba naye kashalipwa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, hana haja ya kuuliza. Bidhaa inauzwa bila risiti, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) haioni kitu, na sisi wenye vibanda vinavyoonekana ndio tunaokadiriwa juu.

Wala tusiwachanganye wageni hao wenye maduka na vijana wa Kihabeshi wanaokamatwa wamefichwa kwenye malori. Wao wako njiani kwenda Afrika Kusini, hawashindani na mtu hapa Temeke. Anayevuna ni msafirishaji. Gharama ya kuwaweka gerezani na kuwarudisha kwao inabaki kwa serikali, yaani kwetu.

Kuna mahali sikubaliani na amri. Mgeni mwenye kibali halali, anayelipa kodi na kuuza kwa katoni tu, ananifaa: bila yeye mzigo ungenifikia ghali zaidi. Kenya nayo ililalamika, ikikumbusha itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika mwaka 2010, na mimi nina ndugu wanaohangaika na biashara Nairobi. Sipendi wafungiwe milango kwa sababu yetu.

Kwa hiyo msako wa kukagua sura za watu mtaani hautanisaidia. Afisa biashara akiingia dukani amwite mwenye leseni, amwulize kontena liliagizwa kwa pesa za nani, na mauzo ya jana yameingia akaunti ipi. Akishindwa kujibu, adhabu ianze kwake.