Mdomo Umekwenda Upande, Tazama Paji la Uso

Mtu akiamka asubuhi mdomo umekwenda upande, nyumba nzima huwa na jibu kabla ya daktari. Mmoja atasema ni upepo, alilala dirisha wazi. Mwingine atasema kiharusi. Wa tatu hasemi neno, lakini utamwona ameshaanza kuwahesabu majirani. Mimi nikiletewa mgonjwa wa namna hiyo, baada ya shikamoo ninaomba jambo moja dogo: "Mama, hebu nyanyua nyusi, kama umeshangaa."

Kisha ninatazama paji la uso. Mdomo nimeshauona.

Paji likijikunja sawasawa pande zote mbili ilhali mdomo umelegea upande mmoja, ninaharakisha machela na kipimo cha CT. Paji nalo likigoma upande huohuo, likabaki laini kama la mtoto, na jicho likawa halifumbi, moyo wangu hutulia kidogo. Siri iko kwenye njia zinazopita mishipa ya fahamu.

Amri ya kusogeza misuli huanzia kwenye gamba la ubongo, katika ukanda uliolala kama utepe wa nywele kutoka sikio hadi sikio. Mguu umepangiwa utosini, mkono ubavuni, uso chini zaidi. Ramani hii ilichorwa miaka ya 1930 na Wilder Penfield, daktari mpasuaji wa Montreal, aliyegusisha umeme hafifu kwenye ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho. Waliweza kuvumilia, kwa sababu ubongo wenyewe hausikii maumivu. Alichokuta kinachekesha: kidole gumba na midomo vimepewa nafasi kubwa kuliko mgongo mzima. Ubongo haujali ukubwa wa kiungo, unajali ufundi wake.

Kutoka kwenye gamba, nyuzi hushuka zikikusanyika hadi zinapita zote katika uchochoro mwembamba ndani ya ubongo. Hapo, kidonda kisichozidi punje ya harage kinaweza kupooza nusu ya mwili, wakati kikubwa zaidi ya hicho, mahali pengine, mtu huishi nacho bila kujua. Ndugu huniuliza, "Daktari, kiharusi chenyewe ni kikubwa?" Mimi hujiuliza kiko wapi. Chini zaidi, kwenye shina la ubongo, nyuzi nyingi huvuka kwenda upande wa pili, ndiyo maana ubongo wa kushoto ukiumia, mkono wa kulia ndio unaolala. Mara nyingi maneno nayo hupotea, maana kwa watu walio wengi lugha hukaa kushoto, jambo ambalo Paul Broca alianza kulionyesha Paris mwaka 1861.

Turudi usoni. Nyuzi za uso huishia kwenye kituo ndani ya shina la ubongo, na kutoka hapo amri hubebwa na mshipa wa saba kati ya jozi 12 zinazotoka ubongoni. Kituo hicho hakigawi sawa. Misuli ya mdomo hupokea amri karibu zote kutoka upande wa pili wa ubongo, ila misuli ya paji hupokea kutoka pande zote mbili. Ni kama nyumba ambayo sebule ina umeme wa gridi na wa sola, jikoni gridi tu. Kiharusi kikizima gridi, jikoni giza, sebuleni taa inawaka.

Kama tatizo ni waya wenyewe baada ya kituo, sebule na jikoni huzima pamoja. Huo ndio ugonjwa uliopewa jina la Charles Bell, Mskoti aliyeueleza mshipa huu mwaka 1821. Mshipa hupita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio, na ukivimba humo hauna pa kutanukia. Kwa kuwa hubeba pia ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi na kukiendesha kimsuli kidogo kinachotuliza sauti ndani ya sikio, mgonjwa hulalamika kwamba mchuzi hauna ladha na mlio wa sufuria unamkera. Dirisha halina hatia, tunashuku zaidi virusi. Prednisoloni ikianzwa ndani ya saa 72 husaidia, na wengi hupona kwa wiki au miezi. Kinachonitia hofu ni jicho lisilofumba: litiwe dawa ya matone na lifunikwe usiku, lisije likakauka.

Kiharusi hakingoji hivyo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya oksijeni, wala hauna ghala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni saa hizohizo ambazo huishia kwenye kuchua na kufukiza. Hata aspirini msimpe: kabla ya CT hakuna ajuaye kama mshipa wa damu umeziba au umepasuka. Na tafadhali, msilifanye paji kuwa kipimo cha nyumbani. Kiharusi kikipiga kituo chenyewe cha uso, paji nalo huzima.

Kuna jambo bado hunishangaza. Mzee aliyepigwa na kiharusi ukimwambia aonyeshe meno, upande mmoja hausogei. Mjukuu akiingia akasema la kuchekesha, baadhi ya wazee hao hucheka, na mdomo ukanyooka pande zote mbili. Kicheko cha kweli kina njia yake ya kushuka, mbali na ile ya amri. Kikiisha, mdomo unarudi upande.