Fahamu: Robert Reich, profesa anayechora siasa za uchumi

Robert Reich alistaafu kufundisha sera za umma katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2023, lakini hajanyamaza. Mishahara, kodi na nguvu ya matajiri katika siasa za Marekani bado ndiyo mada zake.

Alikuwa Waziri wa Kazi wa Rais Bill Clinton kuanzia 1993 hadi 1997. Kabla ya hapo alifundisha Harvard, na mwaka 1991 akachapisha kitabu cha The Work of Nations. Aliwania ugavana wa Massachusetts mwaka 2002, akabwagwa kwenye mchujo wa chama cha Democratic.

Kinachomtofautisha na wasomi wengi ni kalamu ya kuchorea. Kwenye video zake huchora vibonzo kwa mkono huku akieleza nani anabeba mzigo wa kodi na nani anaukwepa. Baada ya dakika chache hata asiyejua uchumi ameelewa. Kimo chake, kisichofika futi tano, yeye mwenyewe hukifanyia utani.

Wakosoaji humwona kuwa mwanaharakati zaidi kuliko mtafiti. Wana hoja, maana Reich hafichi upande wake. Msome, lakini takwimu zake zilinganishe na za wapinzani wake.