Njia Mbili Zitokazo Tseikuru

Kijana wa Tseikuru, kule Ukambani nchini Kenya, amalizapo shahada yake ya kwanza, akarejea nyumbani kwa barabara ya Mwingi na Kyuso, akaliona zizi la babake lilivyopunguka kwa karo ya miaka minne, hapo hutambua kwamba swali la asome nini baadaye si lake peke yake, bali ni la nyumba nzima iliyojinyima kwa ajili yake. Tuseme amehitimu katika elimu ya malisho na mifugo, na mbele yake pana njia mbili zisizofanana hata kidogo: aendelee na uzamili katika fani hiyohiyo, kama ifundishwavyo Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, au aanze upya katika sheria.

Gharama ya muda ndiyo ya kwanza kupimwa. Uzamili ni kama miaka miwili, na sehemu kubwa yake ni utafiti wa nyikani. Sheria ni miaka minne ya shahada, kisha Kenya School of Law, pamoja na miezi 6 ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu, na mitihani, ndipo aapishwe kuwa wakili. Atakayeanza na miaka 24 huenda akavaa joho akiwa amekaribia 30.

Wazee wengi, kwa nia njema kabisa, humsukuma kwenye sheria, nao wana ushahidi wao. Kalonzo Musyoka, aliyezaliwa Tseikuru mwaka 1953, alisoma sheria Nairobi, akahitimu mwaka 1977, na mwaka 2008 akawa Makamu wa Rais. Lakini watajao habari hiyo aghalabu huiruka safari yake ya Saiprasi, alikokwenda kuchukua stashahada ya usimamizi wa biashara, fani iliyo mbali na mahakama, kisha akarudi Nairobi kufanya kazi ya uwakili. Nionavyo mimi, faida kubwa ya kisa hiki ni kwamba elimu ya pili haikuifuta ile ya kwanza, bali iliongezwa juu yake. Basi swali lifaalo kuulizwa ni hili: je, njia ninayoiendea itaibeba elimu niliyokwisha kuipata, au itaniamuru niitupe?

Na hapa Tseikuru yenyewe yaweza kutufundisha. Nchi hii ni kame, na kiangazi kinapozidi wafugaji wa ngamia huingia kutoka mashariki kutafuta majani na maji, wakakutana na wakulima wa ndengu na wafugaji wa mbuzi, na mara nyingine ugomvi ukazuka hata damu ikamwagika. Mwenye elimu ya malisho huuangalia mgogoro huo kabla haujatokea: ni majani kiasi gani, yatatosha wanyama wangapi, kisima kipumzishwe lini. Wakili huja baadaye, ardhi ikiwa imekwisha kugombaniwa. Hata hivyo, tangu ilipotungwa Sheria ya Ardhi ya Jamii mwaka 2016, naye pia aweza kutangulia, akiisaidia jamii kuisajili ardhi yake kabla ya msiba. Mtu aliyeyajua majani kwanza, kisha akaijua sheria hiyo, angekuwa hazina adimu katika Ukambani. Lakini ambaye moyo wake huchoka kwa makaratasi na hufurahi akiwa juani, sioni sababu ya kumnyang'anya furaha hiyo kwa ajili ya joho.

Kwa hiyo ningependa, kabla ya kujaza fomu yoyote, kijana aketi juma zima katika mahakama ya Kyuso akisikiliza kesi, hata zile ndogo zinazoahirishwa kila siku, na juma jingine amfuate afisa wa mifugo visimani na mazizini. Kisha awaambie wazazi wake wazi alichokiona na alichokihisi. Tena awaambie mapema. Vyuo vingi hufunguliwa Septemba, ilhali mwezi huo, kabla ya mvua za vuli, mbuzi wamekonda na bei imeshuka. Wazazi wakiujua uamuzi mwezi wa Januari, majani yangali mabichi, huenda karo ikapatikana kwa mbuzi wachache zaidi.