Koko, Hesabu Wiki Nane

Mapema Julai, matokeo yakishatangazwa shuleni na mabegi ya daftari yakishapandishwa juu ya kabati, nyumba nyingi za Bunia huanza kugawana watoto. Huyu anakwenda kwa shangazi Komanda, yule anabaki Mudzipela kumsaidia mama mdogo aliyejifungua, na wale watatu wasiotulia wanakabidhiwa koko, yaani bibi yao. Vakansi yote, likizo nzima, ni yake. Ndiye atakayewazungusha kwa ndugu, awaonyeshe walipozikwa wazee, awafundishe kusalimia kwa lugha ya baba yao na, njia ikiwa salama, awashushe ziwani.

Safari hiyo ya ziwani ndiyo ninayotaka kuizungumza na koko. Simkatazi. Mtoto wa Ituri anastahili kuliona Ziwa Albert, aone mitumbwi ikirudi alfajiri na vilima vya Uganda ng'ambo. Ninamwomba jambo moja tu: asidhani safari imekwisha siku watakaporudi Bunia. Kwa upande wa afya inakwisha wiki 8 baadaye, na mtu anayefaa kuzihesabu ni yeye.

Kushuka ukuta wa Bonde la Ufa

Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 620 hivi. Kutoka mjini hadi Kasenyi, ufukweni mwa ziwa, ni kama kilomita 50 kupitia Bogoro, na katika mwendo huo mfupi unateremka ukuta wa Bonde la Ufa. Joto huongezeka kwa nyuzi 6 hivi kila unaposhuka mita 1,000, kwa hiyo huko chini mtakuta joto lililozidi la mjini kwa nyuzi 4 au zaidi. Koko atavua sweta, na wajukuu watavua kila kitu na kukimbilia maji.

Hapo ndipo penye habari yangu. Kando zote mbili za Ziwa Albert, yetu ya Kongo na ya Uganda, kuna kichocho, ambacho hospitalini wanakiita bilariziozi. Wasomaji wa pwani wanakijua kichocho cha mkojo, kile kinachomfanya mtoto akojoe damu. Cha kwetu hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na ini, ndiyo maana mtu anaweza kuwa nacho miaka mingi na mkojo wake ukabaki safi kabisa.

Mnyoo unavyoingia

Ugonjwa huu unahitaji vitu vitatu: kinyesi cha mtu mgonjwa, maji baridi yasiyo ya chumvi, na konokono mdogo mwenye gamba bapa lililojikunja kama kamba. Mayai ya mnyoo yakifika majini yanaanguliwa, na kiluwiluwi kinachotoka humtafuta konokono huyo na kumwingia. Ndani yake kinazaliana kwa wiki kadhaa. Kisha konokono mmoja huanza kutoa maelfu ya vijidudu vyenye mkia, ambavyo jicho halivioni. Vinatoka kwa wingi jua linapopanda, hasa kuelekea saa sita mchana, saa ileile watoto wanapopenda kuoga.

Kijidudu kimoja kinatoboa ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Mtoto anaweza kuwashwa kidogo siku hiyo, au asisikie kitu. Baada ya wiki 4 hadi 6 kinakuwa mnyoo mkubwa, dume na jike hukaa pamoja ndani ya mshipa, na jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Baadhi ya mayai hutoka na kinyesi. Mengine hunasa kwenye utumbo na ini, na madhara yote yanatokana na hayo. Mnyoo unaweza kuishi miaka mingi. Ini likishakuwa na makovu, damu inakosa njia yake ya kawaida, wengu unavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya koo la chakula inatanuka mpaka inapasuka.

Siku hiyo mgonjwa anatapika damu nyingi kwa ghafla. Ni rahisi ndugu kushuku sumu, na wakianza kuuliza ni nani aliyempikia, jina la mtu mzee hutajwa haraka. Ndiyo sababu ninataka makoko wenyewe waujue ugonjwa huu kwa jina na kwa njia zake. Ujuzi huo utawakinga wajukuu, na siku moja unaweza kuwakinga wao na tuhuma zisizo za haki.

Yanayosaidia na yasiyosaidia

Kula samaki hakuleti kichocho. Kulala na mgonjwa kitanda kimoja hakukileti pia. Kinaletwa na ngozi kugusana na maji yenye vijidudu: kuoga, kufua, kuchota maji ukiwa umesimama ndani yake, kuvuka kijito bila viatu vya mpira. Kujifuta kwa taulo upesi ni jambo zuri, lakini usilitegemee, kwa sababu huenda kijidudu kimeshaingia.

Ipo kinga ya bure ambayo kila koko anaweza kuitumia. Vijidudu hivyo haviishi zaidi ya siku 2 vikikosa mtu wa kumwingia. Chota maji asubuhi, yaweke kwenye bidoni safi yenye kifuniko, yasiwe na konokono ndani, yakae siku 2 kamili, ndipo uoge nayo au umwogeshe mtoto. Kwa hiyo bidoni zinahitaji zamu: ya leo ni ya keshokutwa. Ikiwa huna muda huo, yachemshe, kisha yaache yapoe. Ya kunywa yachemshwe kwa vyovyote, maana kuna magonjwa mengine ya maji ambayo kusubiri siku 2 hakuyaui.

Mtoto mdogo anasahaulika mara nyingi. Koko anasema, huyu hajaingia ziwani, nimemwogesha kwenye beseni. Lakini kama maji ya beseni yamechotwa ziwani saa hiyohiyo, mtoto ameingia ziwani akiwa uani.

Na choo kisisahaulike. Mgeni kutoka mjini anaweza naye kuwa na mayai tumboni bila kujua. Akijisaidia ufukweni, anawaachia wenyeji ugonjwa kama shukrani ya ukarimu wao. Tafuteni choo hata kama kiko mbali.

Kwa nini wiki nane

Dawa ya kichocho ipo, ni ya zamani na inafanya kazi: prazikwanteli. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Kidonge kina miligramu 600, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 anahitaji kimoja, na mtu wa kilo 45 vitatu. Mwenye haki ya kupima na kutoa ni mhudumu wa kituo cha afya.

Ila dawa hii ina udhaifu mmoja ambao familia nyingi haziujui. Inaua mnyoo mkubwa, na wale wachanga inawaacha hai. Ukimpa mtoto dawa siku ya kurudi kutoka Kasenyi, wachanga walioingia juma hilo watapona na kukua. Kipimo cha kinyesi siku hiyo nacho hakitaonyesha kitu, kwa kuwa mayai bado hayajatagwa. Wakati unaofaa kupima na kutibu ni wiki 6 hadi 8 baada ya mtu kugusa maji kwa mara ya mwisho. Katikati hapo, kati ya wiki ya 3 na ya 8, mtoto anaweza kupata homa, kikohozi, vipele na maumivu ya tumbo. Apimwe malaria kwanza, siku hiyohiyo, maana malaria haisubiri. Ikionekana hana malaria, mwambieni mganga: alioga ziwani tarehe fulani. Sentensi hiyo moja inaweza kumwokoa na dawa nyingi zisizomhusu.

Wadogo pia wana haki ya kutibiwa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa hii itolewe kuanzia umri wa miaka 2 katika maeneo yenye kichocho, na watu wazima wahusishwe, wakati zamani kampeni zilielekezwa zaidi kwa wanafunzi. Koko mwenyewe, ambaye huenda amefua kwenye maji hayo tangu usichana, asiondoke kituoni bila kuulizia zamu yake.

Mwili wa koko na njia yake

Nina maneno machache juu ya msafiri mkuu. Anayekunywa dawa za presha au sukari abebe za siku zote pamoja na za wiki moja ya ziada, kwenye mkoba wa mkononi. Makayabo ya zawadi, wale samaki wa chumvi, yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe, kwa sababu chumvi yake inapandisha presha. Usiku, chandarua kifungwe kwa wote, kwani mbu wa bondeni ni wengi.

Kama kuna wajukuu Uganda na safari ni ya mtumbwi, kila mtu avae koti la kuelea, na upepo ukianza kuvuma msiondoke. Machi 2014 zaidi ya watu 200, wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirudi nyumbani, walizama katika ziwa hili ndani ya chombo kimoja. Na nchi kavu, tangu Mei 2021 mkoa wa Ituri umekuwa chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura, na barabara iliyopitika juzi inaweza isipitike leo. Piga simu kwa anayekaa kule. Akisema ngoja, ngoja. Vakansi ya Bunia ina ndugu wa kutosha kuwatembelea mtaa kwa mtaa.

Daftari la koko

Sasa tukirudi kwenye hesabu. Chukua daftari la mwaka uliopita lililobakiwa na kurasa tupu. Andika, au mjukuu mkubwa akuandikie: tarehe, mahali, nani aliingia majini. Tuseme mara ya mwisho ilikuwa tarehe 10 Agosti. Wiki 6 zinatimia tarehe 21 Septemba, na wiki 8 tarehe 5 Oktoba.

Oktoba mzazi atakuwa anahangaikia ada ya shule, mwalimu atakuwa amewazoea wanafunzi wapya, na mtoto atakuwa amesahau hata rangi ya mtumbwi alioupanda. Hapo koko atashika daftari lake, atawaita wale watatu wasiotulia, na kuwapeleka kituo cha afya asubuhi moja ya Jumatatu. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya vakansi yao.